Una Elfu Themanini na Unataka Mashine ya Gemu: Mtumba wa Ofisi, Prosesa Yenye Picha, au Kuunda Yote?

Mpwa wangu alinijia Kahawa West Jumapili moja, daftari mkononi. Alikuwa ameandika bei za maduka saba ya Luthuli Avenue na Moi Avenue, akachora mistari, akajumlisha, na kila jumla ilipita pesa alizonazo. Pesa zenyewe ni shilingi za Kenya 80,000, alizokusanya kwa kupiga picha kwenye arusi za watu tangu Desemba. "Anko," akaniuliza, "hizi ni kidogo ama ninanunua vibaya?"

Alikuwa ananunua vibaya. Alianza na prosesa, tena ya jina kubwa, ikameza nusu ya pesa, kisha akawa anaitafutia wenzake kwa chenji iliyobaki. Kwenye gemu, kadi ya grafiki ndiyo inayochora kila unachokiona. Kazi ya prosesa ni kuiambia kadi nini kichorwe. Ukiipa prosesa kali kadi dhaifu, prosesa inakaa ikingoja. Kwa hivyo hesabu inaanzia kwa kadi, na hata kabla ya kadi kuna swali la skrini. Yeye anatumia runinga ya sebuleni kwa mama yake, ya 1080p (mistari 1080 ya picha), inayoonyesha fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Hana sababu ya kulipia fremu 140 ambazo runinga hiyo haitawahi kumwonyesha.

Kwa pesa hizo hapa Nairobi kuna njia tatu. Nitaziweka kando kwa kando, lakini nisikufiche: sizipendi sawa.

Mtumba wa ofisi

Ingia jengo lolote la kompyuta pale mjini, Revlon Plaza kwa mfano, na utazikuta zimepangwa kama matofali: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Zimetumikia ofisi za ng'ambo miaka kadhaa, zikauzwa kwa jumla, zikaja na kontena. Unachukua moja, unachomeka kadi ndogo, unawasha. Hakuna njia rahisi kuliko hii, na hakuna yenye mitego mingi kama hii.

Angalia kizazi kwanza. Zile za bei ya kuchekesha huwa na prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 4, kama i5-4570 ya mwaka 2013. Namba ikiwa ya tarakimu nne, ya kwanza baada ya ule mstari ndiyo kizazi; ikiwa ya tano, ni mbili za kwanza. Usidanganywe na maneno "Core i5" peke yake, maana i5 ya 2013 na i5 ya leo zimeshirikiana jina tu. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji anaweza kukuwekea Windows 11 kwa njia za panya kwenye mashine ya kizazi cha 4 na ikawaka bila shida, halafu uende kufungua Valorant, ambayo kwenye Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, nayo ikugeuzie mlangoni. Kama unapita njia hii, ulizia i5-8500: kizazi cha 8, viini sita (kiini ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa). Ni ghali kuliko ile ya kizazi cha 4, lakini urahisi wa ile ya kizazi cha 4 una sababu.

Kisha umbo. Zile nyembamba za kulaza mezani hazipokei kadi ya kawaida. Zinataka kadi ya nusu kimo, ambazo ni adimu na wenye nazo wanajua ni adimu. Chukua mnara, ile ya kusimama.

Na umeme. Hapa ndipo wengi wanapokwama. OptiPlex 9020 ya mnara ina pawa saplai ya wati 290, na inaunganishwa na bodi (ubao mkuu wa mashine) kwa plagi ya pini 8 badala ya ile ya pini 24 ambayo dunia nzima inatumia. EliteDesk 800 G1 ina yake ya pini 6. Maana yake huwezi kununua pawa saplai ya kawaida ukabadilisha tu. Utatafuta waya wa kuunganishia, na waya huo si wa kuokota duka lolote. Kwa hivyo kadi yako lazima iishi kwa umeme wa tundu lake kwenye bodi, ambao kikomo chake ni wati 75. Unabaki na GTX 1650 isiyo na plagi ya umeme, au RTX 3050 ya GB 6 inayokula wati 70.

Kwa mtu wa kucheza gemu za mpira, GTA V na Counter-Strike, hiyo inatosha na inabaki pesa ya kiti. Sitamcheka anayechagua hivi. Shida ni mwaka ujao. Ukitaka kadi kubwa, pawa saplai haitoshi; ukibadilisha pawa saplai, bodi haiikubali; ukibadilisha bodi, kesi ya Dell haina matundu ya skrubu mahali pake. Unajikuta umenunua mashine mpya nzima kwa awamu, na mtumba umebaki chini ya meza ukishikilia miguu yako.

Prosesa yenye picha ndani

Njia ya pili ni Ryzen 5 5600G ya AMD: viini sita, na ndani yake kuna grafiki ndogo ya Radeon. Unaunda mashine mpya bila kadi kabisa, unacheza gemu nyepesi, kadi unaitafuta ukipata.

Usitarajie miujiza. Grafiki hiyo haina memori yake, inakopa kwenye RAM, memori ya kufanyia kazi ya mashine. Ukiweka kipande kimoja cha RAM inapata njia moja ya kupitishia data, na utaona gemu inavyokwama. Ukiweka viwili, tofauti unaiona kwa macho bila kipimo. Valorant na gemu za mpira kwa mpangilio wa chini zitakwenda. Gemu kubwa mpya, hapana.

Lakini ina jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ryzen 5 5500, ambayo watu wengi huinunua wakiwa na kadi, imetengenezwa kwa kipande kilekile cha silikoni cha 5600G, grafiki ikiwa imezimwa. Kashe (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ni ileile ya MB 16, na zote zinaishia PCIe 3.0, kizazi cha tatu cha njia ya data kati ya kadi na mashine. Kwa hiyo ukianza na 5600G kisha miezi sita baadaye ukachomeka kadi, umefika palepale ambapo angefika mwenye 5500. Hujapoteza kitu isipokuwa tofauti ya bei, na tofauti hiyo imekununulia miezi sita ya kucheza, pamoja na uhakika kwamba kadi ikifa bado una picha. Mwenye 5500 kadi ikifa, skrini ni nyeusi.

Kama una 50,000 leo na unajua nyingine zinakuja, hii ndiyo njia yako. Usisome zaidi ya sehemu ya pawa saplai.

Kuunda yote

Mpwa wangu alikuwa na 80,000 zote mkononi, na anataka kucheza gemu za sasa, za kurundika moshi na vivuli. Nilimgawia hivi: 30,000 ya kadi, 25,000 ya prosesa na bodi pamoja, 10,000 ya RAM, 7,000 ya pawa saplai, 5,000 ya SSD (diski ya kuhifadhia isiyozunguka), na 3,000 ya kesi yoyote ile. Bei za wiki hii si za wiki ijayo, lakini uwiano huo ushike. Kadi kwanza, kesi mwisho.

Kadi mpya kwa pesa hizo ni ndogo mno, kwa hiyo tunazungumzia zilizotumika. Hizi ndizo utakazokutana nazo sana:

| Kadi | Ilitoka | Memori | Wati |
|---|---|---|---|
| RX 580 | 2017 | GB 8 | 185 |
| GTX 1660 Super | 2019 | GB 6 | 125 |
| RX 6600 | 2021 | GB 8 | 132 |
| RTX 3060 | 2021 | GB 12 | 170 |

RX 580 ndiyo inayosukumwa sana kwa sababu ni rahisi na imeandikwa GB 8. Sikiza. Kwanza, kuna mbili. Ile halisi ina vichakataji 2304. Iliyouzwa China kwa jina la 2048SP ina 2048, yaani ni RX 570 iliyovaa koti la kaka yake. Pili, nyingi zilikesha zikichimba sarafu za Ethereum, na uchimbaji huo ulikoma Septemba 2022 Ethereum ilipobadilisha mfumo wake, ndipo zikamwagika sokoni. Kadi ya mgodini si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimezunguka miaka bila likizo. Tatu, haina uwezo wa kufuatisha miale ya mwanga (ray tracing). Zamani ungesema hayo ni mapambo. Tangu Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024, na Doom: The Dark Ages ya 2025, kuna gemu zisizofunguka kabisa kwenye kadi isiyo na uwezo huo. GTX 1660 Super nayo ina shida hiyohiyo, ingawa ni kadi tulivu na inakula umeme kidogo.

RX 6600 inashinda RX 580 kwa mbali, inakula wati 132 badala ya 185, inahitaji plagi moja tu ya pini 8, na gemu hizo mbili inazifungua. Kwa runinga ya 1080p siioni sababu ya kupita hapo. RTX 3060 ina GB 12 na ni bora kwa anayehariri video au kutumia Blender, kwa sababu programu nyingi za kazi hiyo zimezoeana na Nvidia. Mpwa wangu anahariri picha za arusi, si filamu, na Lightroom haitalia. Tukaiacha.

Moja ya kuikimbia hata ukipewa kwa bei nzuri: RX 6500 XT. Ina GB 4, na inazungumza na bodi kwa njia nne tu za PCIe. Kwenye bodi ya PCIe 4.0 inajitahidi, ukiichomeka kwenye 5500 au 5600G zinazoishia 3.0, kasi ya njia hizo nne inagawanywa kwa mbili, na unakuta umenunua msongamano wa Thika Road saa kumi na moja jioni.

Prosesa: nyekundu (AMD) au bluu (Intel)

Wawili waliobaki kwenye daftari baada ya kufuta yale majina makubwa ni Ryzen 5 5500 na Core i3-12100F. Ya kwanza ina viini sita, ya pili vinne. Watu husikia hesabu hiyo na kuamua palepale, lakini viini vya Intel hiyo, kimoja kimoja, vina kasi zaidi, na katika gemu nyingi hizi mbili zinakimbia bega kwa bega. 12100F inapeleka kadi PCIe 4.0, 5500 inaishia 3.0. Kwa RX 6600, inayotumia njia nane, pengo hilo ni dogo sana kukukosesha usingizi.

Ukiwa na mazoea ya kuacha gemu ikiwa wazi huku Discord, kivinjari cha madirisha ishirini na programu ya kurekodi vinaendelea nyuma, chukua viini sita. Ukicheza tu, chukua ile ambayo bodi yake imepatikana kwa bei nzuri. Kwa hakika bodi ndiyo inayoamua. Bodi za AM4, tundu la hizi Ryzen, zimekuwepo tangu enzi za Ryzen ya kwanza, kwa hiyo za mitumba ziko nyingi, B450 hasa. Muulize muuzaji kama baiosi (programu ya bodi inayowasha mashine) imesasishwa kukubali mfululizo wa 5000. Akikwambia "hiyo ni kitu kidogo", mwambie aifanye ukiwa umesimama hapo. Upande wa Intel bodi ya bei nafuu ni H610, yenye nafasi mbili tu za RAM, lakini baadaye inapokea i5 za kizazi cha 13 na 14.

Kama pesa zinaruhusu kuongeza kidogo, Ryzen 5 5600 ina kashe ya MB 32 na PCIe 4.0, na utaiona tofauti. Ila usiinunue kwa kunyang'anya pesa za pawa saplai.

Kuna bodi za China za X99 zinazouzwa pamoja na Xeon ya viini 14, E5-2680 v4, kwa bei inayofanya macho yatoke. Hiyo ilikuwa prosesa ya seva. Viini ni vingi, kila kimoja kinatembea polepole, nayo imepimwa wati 120. Kwa gemu, la.

Pawa saplai, mahali pa kutofanya ubahili

Miaka kadhaa iliyopita niliuziwa kesi ikiwa na pawa saplai ndani yake, imeandikwa 500W kwa herufi kubwa za dhahabu. Duka sitalitaja. Stima ilipotea mtaani jioni moja, ikarudi kwa kishindo kama ilivyo kawaida yake, na ile pawa saplai ikaondoka na bodi pamoja na diski ngumu yenye picha za miaka sita. Tangu hapo sisomi herufi kubwa. Nasoma kijedwali cha pembeni.

Nawe fanya hivyo. Tafuta mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi zote zinakula hapo. Zidisha 12 kwa ampea zilizoandikwa. Ile yangu ya dhahabu ilikuwa na ampea 18: wati 216. Huo ndio ulikuwa ukweli wake, na hata huo ulikuwa wa kujisifu. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 itakuonyesha ampea zaidi ya 40 kwenye mstari huo. Angalia pia nembo ya 80 Plus, ya ufanisi wa umeme, ingawa nembo inachapishwa na yeyote mwenye printa, na uzito wake mkononi: iliyo nyepesi kama sanduku la viatu tupu ni sanduku tupu. Mashine ya RX 6600 na 5500 haihitaji zaidi ya wati 500 za kweli. Ikiwa ni mtumba wa kutoka Marekani na ina kile kiswichi chekundu nyuma, hakikisha kiko 230 kabla hujachomeka ukutani. Kikiwa 115, umeme wetu wa volti 240 utakupa baruti.

Ukibakiwa na chochote, UPS ndogo, yaani betri ya akiba. Si ya kucheza gizani. Ni ya kukupa dakika za kuzima vizuri. Na kwa wanaouliza tokeni: mashine kama hii ikiwa katikati ya gemu hula kama wati 250 bila skrini, kwa hiyo saa nne za kucheza ni karibu uniti moja.

Vilivyobaki

RAM: vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha 16, kwa sababu ileile niliyoieleza kwenye 5600G, ingawa ukiwa na kadi athari ni ndogo. Tangu mwisho wa 2025 bei ya memori imepanda dunia nzima kwa sababu vituo vya data vya akili unde vinazoa kila kinachotengenezwa, na hata DDR4, aina ya RAM ya mashine hizi, ya mtumba imefuata. Ikiwa 10,000 hazitoshi siku utakayokwenda, kata kwenye kesi, usikate kwenye kadi.

SSD ya GB 500 ya NVMe, inayochomekwa kwenye bodi yenyewe. Ya SATA, ile ya waya, inaishia takriban MB 550 kwa sekunde na ya NVMe inapita hapo mara kadhaa, lakini ukicheza hutaona tofauti kubwa; nachagua NVMe kwa sababu haina waya. Diski ngumu ya kuzunguka ibaki ya kuhifadhia filamu.

Feni ya prosesa: ile inayokuja kwenye boksi. Nairobi haina joto la Mombasa.

Siku ya kununua

Kadi ya mtumba hainunuliwi ikiwa mfukoni. Mwambie muuzaji aichomeke kwenye mashine yake, ufungue GPU-Z, programu ya kutambua kadi, na usome jina. Kuna GTX 1050 Ti za uongo zilizobadilishwa baiosi, ambazo ndani ni kadi za zaidi ya miaka kumi na tano. GPU-Z huzitambua nyingi kati ya hizo na kuziandikia onyo. Hata bila programu, geuza kadi utazame nyuma: 1050 Ti halisi kwa kawaida haina tundu la buluu la VGA. Halafu washa FurMark, programu ya kuitesa kadi kwa kazi nzito, kwa robo saa, usikilize feni, utazame joto, utazame kama skrini inaleta vidoa. Muuzaji akikataa robo saa, dukani kwa jirani yake kuna kadi nyingine. Tuma M-Pesa baada ya hapo, uandikiwe risiti yenye namba ya kadi na siku za garantii.

Mpwa wangu alichukua RX 6600 iliyotumika, 5500 juu ya B450, na vipande viwili vya RAM visivyofanana rangi. Aliiweka kadi mapajani kwenye matatu, imefungwa kwa sweta, mpaka nyumbani. Elfu tatu za kesi ziliishia kwenye RAM kama nilivyohofia, kwa hiyo wiki mbili za kwanza bodi ilikaa mezani juu ya boksi lake la kadibodi, feni zikizunguka hadharani, na mama yake amekatazwa kabisa kupangusa vumbi karibu na hapo.